Kaseti ya Yaya Furaha

Ukiwauliza watu hapa Durban adui wa historia yetu ni nani, mmoja atakutajia pasta, mwingine polisi wa zamani, mwingine wazazi wake mwenyewe. Sibishi. Lakini mimi niliyehifadhi kumbukumbu za watu wetu mpaka nikastaafu nitaanza na unyevu. Upepo wa bahari unaingia hata kwenye droo iliyofungwa. Weka picha ndani ya mfuko wa plastiki katika fleti ya South Beach, acha mvua za msimu mmoja zipite, kisha fungua. Utazikuta zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zikiwa moto.

Nyinyi vijana mlikuja kwangu na biskuti na simu zenu, mkaniuliza namna ya kukusanya hadithi za makuchu wa Kiswahili wa mji huu. Kuchu ndivyo tunavyojiita sisi wa Afrika Mashariki tunaopenda watu wa jinsia yetu, na neno hilo angalau halikutungwa na wanaotutukana. Siku ile niliongea sana. Nikawaambia msitumie pini za chuma kwenye karatasi kwa sababu hapa chuma kinaota kutu haraka, na muandike kwa penseli, kalamu ya wino iacheni nje ya mlango. Mlipoondoka nikagundua nimewafundisha kupambana na ukungu tu. Kwa hiyo nawaandikia yaliyobaki.

Naitwa Elija Mwakio, mtu wa Voi. Nilikuja hapa kusomea ukutubi katika chuo cha Westville, na nyumbani walikuwa wananingoja nirudi nioe. Sikurudi wala sikuoa, na nadhani yule binti waliyenichagulia alishukuru Mungu kuliko mimi. Nilipomaliza masomo nikapata kazi katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la mazulia mjini. Kazi yake ilikuwa kukusanya kila kitu kilichohusu maisha ya mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia wa Durban na vitongoji vyake. Hayo maneno mawili ya kwanza nayaandika bila aibu, mwenye kuyafanya matusi ni yule anayeyatema.

Tulikuwa na mabango ya maandamano, picha za mashindano ya urembo yaliyofanyika kwenye kumbi za vitongojini, fulana zenye maandishi, vipeperushi vya vikundi vilivyoishi miezi michache vikafa. Programu za mazishi ndizo zilizokuwa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ugonjwa uliua, visu viliua, na kila aliyekufa aliacha karatasi iliyokunjwa katikati, picha yake mbele na nyimbo nyuma. Humo ndani, mtu aliyeishi na mwenzake miaka na miaka ameandikwa kuwa hakubahatika kupata familia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Aunty Rani, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa, aliyestaafu kazi ya kutengeneza karatasi na picha za makumbusho. Alikuwa mfupi, mkali, na alikataza sambusa chumbani ingawa yeye ndiye aliyekuwa anazileta. Tulizila kwenye ngazi. Siku moja tuliletewa bunda la picha zilizogandamana, nikaingiza ukucha katikati ya mbili nianze kuzibandua. Akanipiga kofi mkononi.

"Unataka kumchuna mtu ngozi?" akaniuliza.

Alichukua beseni la maji safi ya baridi, akalaza lile bunda humo, akaniambia niende nikale. Tuliporudi picha zilikuwa zimeanza kuachana zenyewe. Akazitoa moja moja kwa vidole viwili, akazilaza uso juu kwenye kitambaa. Akatokea mwanamume wa Kizulu aliyevaa gauni la satini, kichwani taji la karatasi ya fedha ya kufungia keki, analia kwa furaha, na nyuma yake ukumbi mzima umesimama unampigia makofi. Aunty Rani alimtazama, akasema, "Karibu, malkia." Ndipo nilipoipenda kazi.

Fulana msizifue. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanafunzi mmoja wa Kenya alikuja kujitolea, binti mwenye moyo safi sana, na Ijumaa moja akabeba sanduku zima la fulana za maandamano ya mwanzo mpaka bwenini kwao. Jumatatu akazirudisha zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Jasho la wale waliokuwa wakitetemeka barabarani, alama za rangi ya midomo, doa la yai alilotupiwa mtu kifuani, vyote vilikuwa vimetoka. Aunty Rani alinusa moja, akakaa chini. "Sasa zinanukia kama hoteli," akasema. Hakumgombeza. Alimwomba tu aandike kila doa alilokumbuka, na lilikuwa wapi.

Kuhusu kurekodi watu, zimeni friji kwanza. Sikio lenu limeshaizoea, lakini kinasa sauti kitaimeza ngurumo yote. Msimuulize mtu alianza lini kujijua, atawapa jibu alilokwisha kuwapa watu wa vibali vya ukimbizi, lile lililonyooka. Muulizeni Jumapili walikuwa wanakula nini. Akishajibu, nyamazeni. Ukimya ukiwashinda mkauharibu kwa swali jingine, mtakuwa mmemfungia mlango akiwa ameshika kitasa.

Hivyo ndivyo nilivyompata Yaya Furaha.

Alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, mnene, mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake, na saluni yake ya kusuka ilikuwa upande wa Point, kwenye korido ya jengo lenye maduka ya simu. Watu wote walimwita Yaya, dada mkubwa, hata waliomzidi umri. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anashusha pazia la saluni na kupika. Sombe, kile kisamvu chao, fufu ya muhogo, samaki wakavu. Wakaja Wakongomani, Warundi, Watanzania, na Wakenya wachache kama mimi. Nje pazia lilisema saluni imefungwa. Ndani wanaume wawili walikaa wameshikana mikono wakibishana kuhusu mpira, na wanawake walicheza rumba wakiwa na roli za nywele kichwani.

Hakuna aliyekiita chama. Lakini mtu akipigwa, ni hapo alipopelekwa. Mtu akifukuzwa na binamu zake, alilala chini ya vile viti vya kukaushia nywele. Aliyeogopa kwenda peke yake ofisi ya vibali alipata wa kumsindikiza. Na bango la kwanza la Kiswahili nililoliona katika maandamano ya mji huu lilishonwa hapo, kwa shuka ya Yaya mwenyewe. Aliyelishona alikuwa Nomvula, dada wa Kizulu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Jacobs. Alikuja siku moja kusukwa, na kusuka kukaisha, na yeye hakuondoka. Waliishi pamoja fleti moja, wakilala kitanda kimoja, na majirani wakaambiwa ni kugawana kodi ya nyumba.

Hayo yote hayakuandikwa popote. Wote tuliogopa. Jina kwenye karatasi lingeweza kufika kwa mjomba Bukavu au kwa mchungaji Nakuru. Ndiyo maana Yaya alipokubali kukaa mbele ya kinasa sauti, Aunty Rani alinikumbatia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia. Tulirekodi saluni, alasiri za Jumatatu, pazia likiwa chini. Yaya alisimulia yote, alivyotoka Uvira, alivyofika, Jumapili ile ya kwanza, nani alikuja, nani alipotea. Historia yetu sisi wa Kiswahili hapa Durban iliingia kwenye kaseti ile na haikuwa na mahali pengine. Kabla hatujaanza, Aunty Rani alimsomea masharti kwa sauti: kaseti ni yako, ukitaka irudi kwako siku yoyote, itarudi, na hatutakuuliza kwa nini. Yaya akasema sharp, sawa ya watu wa hapa, akatia sahihi huku akitafuta sufuria.

Miaka ikapita kama inavyopita. Vijana wa mtaani walipowageukia wageni, saluni ilivunjwa, vioo na viti vikabebwa. Yaya akaanza tena ndogo zaidi, kwenye kona ya duka la mtu mwingine, pasipo pazia. Wale wa Jumapili wakatawanyika. Wengine walipata kuhamishiwa Canada, wengine wakaenda Cape Town, wengine nawajua kwa programu zao tu. Mama yake Nomvula alipata kiharusi kule bara, Nomvula akaenda kumuuguza, na ile safari ya wiki chache ikageuka kuwa maisha. Aunty Rani naye akafariki, kwa amani, usingizini. Nilibaki na funguo.

Asubuhi moja Yaya Furaha alipanda zile ngazi zetu akipumzika kila baada ya hatua mbili tatu. Alikuwa amekonda. Alifunga kitambaa cheupe cha kanisa, na mkoba kaukumbatia mbele. Nikamvutia kiti, nikamletea maji.

"Kaka Elija," akasema alipopata pumzi, "nimekuya kukamata kaseti yangu."

"Umekuja kuisikiliza, Yaya?"

"Hapana. Kuikamata. Na ile ingine mulitoa copie. Na ile iko ndani ya ordinateri. Yote."

Kukamata kwao ni kuchukua, na ordinateri ni kompyuta. Masharti yalisema nisiulize kwa nini. Niliuliza. Nilimwambia bila kaseti ile hakuna kitu, kwamba watoto watakaokuja nyuma yetu watadhani wao ndio wa kwanza, kwamba hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kusema tuliwahi kula pamoja.

"Batoto gani?" akasema, bila ukali. "Nililala hopitali siku mingi, Elija. Ulikuyaka?"

"Sikujua kama unaumwa."

"Njo vile. Hakuna mwenye alijua. Bamoja beko Canada, bamoja bamekufa, bamoja banaogopa. Bamama ba kanisa njo balikuya. Balininawisha. Balinipikia. Balinipakaa mafuta ku miguu, hii miguu." Akainyoosha nione, imevimba. "Nitafia mu mikono yabo. Sasa nataka bakinizika, bazike muntu mwenye banajua."

"Kwani uliyosema mle ndani yalikuwa uongo?"

"Hapana. Kama ingekuwa buongo ningekuya kufanya nini?"

Nilikaa kimya, na safari hii ukimya haukunisaidia, kwa sababu yeye pia alijua kukaa kimya. Alikuwa ameinamisha kichwa anautazama ule mkoba. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza kitu ambacho kweli hakijui: "Ile sauti ni yangu ao ni yenu?"

Nilisimama nikafungua kabati. Nikatoa kaseti, nikatoa nakala, nikatoa yale maandishi niliyokuwa nimeyapiga chapa. Nikageuza kompyuta aone, nikafuta mbele yake, akaniambia nifute na ile sehemu ambako vitu vilivyofutwa vinakwenda. Aliijua. Aliviweka vyote mkobani, chini ya fungu la sombe alilonunua njiani, akafunga zipu.

"Usikasirike, kaka yangu," akasema mlangoni.

Mtaniuliza kama nilibakiza nakala mahali. Sikubakiza. Mtaniuliza kama leo ningefanya vingine, na hilo nimejiuliza mpaka nimechoka, na kila mara namwona ameshika ule mkoba, na kila mara nampa. Kumbukumbu iliyoibwa kwa mwenyewe siyo kumbukumbu, ni ile ile kazi ya wapelelezi tuliowakimbia. Naliamini hili. Halinipi usingizi mzuri.

Baada ya hapo mambo ya ofisi yaliisha upesi. Wafadhili walipeleka macho kwingine, mwenye jengo akataka chumba, na masanduku yakahamishiwa stoo moja kule Jacobs, katikati ya viwanda, chini ya bati. Nilistaafishwa, nikapewa keki. Mwanzoni nilikuwa napanda taksi kwenda kufungua madirisha ili hewa ipite. Mara ya mwisho nilipofika, maji yalikuwa yameingia kwa nyuma. Nilifungua sanduku la picha za mashindano nikakuta bunda limeoza mpaka limekuwa kitu kimoja, jeusi, laini, chenye harufu tamu. Niliazima beseni kwa wafanyakazi wa jirani, nikaweka maji baridi, nikangoja. Maji yalibadilika rangi. Nyuso zilitoka zikaelea, zikawa rangi tu majini, na karatasi zikabaki nyeupe. Mlinzi alikuja kuniambia anafunga geti. Nilimwaga yale maji mtaroni, sikwenda tena.

Nyinyi mna simu. Simu ikinyakuliwa kwenye robot, taa za barabarani, mwizi ameondoka na watu wako wote. Ikipona, kampuni itabadilisha kitu na faili halitafunguka. Wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja, kwa watu msioishi nao. Nawaambia haya kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Sina hakika kama yanatosha, na sioni sababu ya kuwadanganya vijana.

Yaya alikufa kabla ya Pasaka. Nilipata habari kwa mtu wa duka la simu. Ibada ilifanyika kwenye ukumbi wanaokodi Wakongomani, na akina mama wa kanisa lake walikuwa wamevaa kitenge cha sare, wamelia mpaka sauti zimekauka. Sitawasema vibaya. Jeneza lilikuwa zuri, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa upendo.

Nilikaa nyuma. Nikahisi mtu amekaa pembeni yangu, nikageuka, ni Nomvula. Kichwa kimejaa mvi. Alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri. Hakuna aliyemjua mle ndani, alikuwa mama wa Kizulu tu aliyekuja kuzika mteja au jirani.

Pasta alisoma maisha ya marehemu. Dada yetu alizaliwa Uvira. Alifika Durban, akafungua biashara. Kisha akaokoka. Hakuolewa, kwa sababu alijitoa kwa Bwana. Nilisikia ile miaka yote ikipita kati ya sentensi mbili kama gari lisilosimama. Halafu pasta akauliza kama kuna mtu aliyemfahamu marehemu zamani, siku zake za kwanza mjini, aje aseme machache. Nilishika kiti cha mbele, nikaanza kunyanyuka. Nomvula akanivuta koti.

"Ikala, kaka," akaninong'oneza. Kaa. "Hawa njo balimuosha."

Alinena kwa Kiswahili. Kiswahili cha Uvira, maneno ya Yaya, sauti ya Kizulu. Nilikaa.

Baadaye, nje, wakati wali unapakuliwa, tulisimama karibu na ukuta. Aliniuliza kama bado ninayo kaseti. Nikamwambia Yaya aliichukua. Alitikisa kichwa polepole, hakuonekana kushangaa.

"Mule ndani," akasema, "alisema juu yangu?"

"Alisema."

"Alisema nini?"

Nikafungua mdomo. Nakumbuka saluni. Nakumbuka kwamba lilikuwa jambo la siku ya mvua, na kwamba niligeuza kaseti upande wa pili baada tu ya hapo. Nakumbuka nilikuwa natazama taa nyekundu ya mashine nihakikishe haijazimika. Maneno yenyewe hayakuwepo. Sikuyashika, hata nilipoyapiga chapa, kwa sababu mashine na karatasi vilikuwa vinayashika. Nilitafuta kichwani nikiwa nimesimama mbele yake, sikupata hata moja.

"Alisema vizuri," nikamwambia.

"Vizuri namna gani, kaka?"

Mama mmoja mwenye sare alitujia na sahani, akamwelekea Nomvula, akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu, kama tunavyosema na mgeni, ikiwa anakula sombe.

"Ninakulaka, mama," Nomvula akamjibu. "Unipe kidogo tu. Aksanti."

Yule mama akaangua kicheko cha mshangao, akaita wenzake waje wasikie. "Eh! Nani alikufunzaka Kiswahili?"

Nomvula alipokea sahani kwa mikono miwili.

"Muntu moja tu," akasema.